Daraja Lisilo na Miguu

Mtu alikuwako, na nchi ilikuwako, na siku moja wakakutana. Mtu huyo aliitwa Tamimu Shekiondo, mfasiri wa vitabu vya mashine, aliyefanyia kazi nyumbani kwake na kugombana na mtandao kila siku aliyoamka salama. Alikuwa amejaribu kila dawa. Alikihamisha kisanduku cha mtandao kutoka sebuleni hadi chumbani, kutoka chumbani hadi juu ya kabati, na kutoka juu ya kabati hadi dirishani, akakiegemezea kifuniko cha sufuria ya pilau ili kikusanye mawimbi, na mkewe akamwuliza kama wali nao utaanza kupikiwa dirishani. Alihama kampuni, akakuta ile mpya ni pacha wa ile ya zamani. Akajaribu kutumia simu, bando likamwishia katikati ya sentensi. Alikuwa anafikiria kununua ile sahani ya kutazama mbinguni, au kuchangia waya mmoja na majirani, aliposikia habari za Subirani, nchi ambayo, tangu ipate mtandao, haijapokea hata lalamiko moja.

Njia ya kufika huko haina haja ya kusimuliwa. Itoshe kusema kwamba alifika, asubuhi, na moyo ukimdunda kama wa mtu anayekwenda kuposa.

Askari wa mpakani alimtazama usoni akasema, "Unanisikia?" Tamimu akajibu kwamba anamsikia vizuri. Askari akanyamaza. Alinyamaza muda wa kutosha mtu kumenya chungwa, kisha akatabasamu na kusema kwamba naye anamsikia, akamruhusu apite. Tamimu alikuja kujua baadaye kwamba hiyo ndiyo salamu ya nchi nzima. Mume humwamkia hivyo mkewe, na mwalimu wanafunzi wake. Na kwa kuwa maneno yao, yakipita mtandaoni, hufika yakiwa yamechelewa, wamejizoeza kungojana hata wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Ukisema jambo, mwenzako hukaa kimya kwanza, ili awe na hakika kwamba limefika lote. Kumkatiza mtu maneno hakukatazwi Subirani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kunawezekana.

Mtandao wenyewe waliuita Mkondo. Kila nyumba ilikuwa na kisanduku chake, nacho kiliwekwa mahali palipoinuka kuliko pote. Tamimu alipangiwa kulala kwa mama mmoja, Bi Somoe, na binti yake Kidawa, na jambo la kwanza aliloliona humo ndani ni kisanduku kimekaa juu ya kitanda cha samadari, kimefunikwa kitambaa cha kudarizi, huku Bi Somoe mwenyewe akilala chini. Alipomwamkia shikamoo na kuuliza sababu, mama yule alisubiri kidogo, akaitikia, akasema kwamba kisanduku kikipata baridi kinakwenda polepole zaidi.

"Na kikipata joto?" Tamimu akauliza.

"Hicho hicho, mwanangu."

Siku zake za mwanzo Tamimu alizunguka mjini kwa furaha ya mgeni, akiuliza hili na lile. Aliona sokoni vibuyu vya maziwa vimeandikwa "hadi kujaa", na ndani vina maziwa ya kulowesha kidole. Muuzaji alimweleza kwamba desturi hiyo ilianzia kwenye Mkondo, ambao uliuzwa kwa kasi ya "hadi duma". Watu wakaona kwamba duma hajafika wala muuzaji hajashitakiwa, basi kila mfanyabiashara akaliazima neno hilo, hata mshona viatu. Aliona kisima kimechorwa maneno makubwa, BILA KIKOMO, na juu ya mdomo wake jiwe. Mlinzi akamwambia kwamba maji kweli hayana kikomo, ila anayeyachota kupita kiasi huwekewa jiwe, na kiasi chenyewe hakitajwi ili watu wasiingiwe na hofu.

Mahakamani ndiko alikostaajabu zaidi. Mshitakiwa wa wizi wa mbuzi aliletwa mbele ya hakimu, akaamriwa atoke nje, akae kidogo, kisha aingie tena. Alipoingia, hakimu akamwuliza mwenye mbuzi kama bado kuna tatizo. Kumbe nchi nzima ilikuwa imefundishwa na Shirika la Mkondo kwamba dawa ya kila hitilafu ni kuzima na kuwasha. Hospitalini hali ilikuwa hiyo hiyo: mgonjwa hulazwa, huamshwa, huulizwa anajisikiaje.

Na malalamiko je? Tamimu aliuliza, kwa kuwa hilo ndilo lililomleta. Akajibiwa kwa fahari kwamba malalamiko yanaruhusiwa kabisa, mradi yatumwe kwa njia ya Mkondo.

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Lakini jioni ile aliporudi nyumbani hakukuta wa kucheka naye. Kidawa alikuwa ameketi sakafuni, kishikwambi mapajani, uso umemsawijika.

Kidawa alikuwa mhandisi wa madaraja katika nchi isiyokuwa na hata daraja moja. Magharibi ya mji kulikuwa na korongo refu, kina chake hakitazamiki mara mbili, na ng'ambo ya pili ilikuwa nchi ya Hima. Watu wa Hima walikuwa wameamua kulijengea korongo hilo daraja, wakakaribisha michoro kutoka pande zote mbili. Kidawa aliuchora wake kwa misimu miwili, akiyashuka mabonde kwa kamba kiunoni, akiipima ardhi kwa nyundo na kwa mikono. Akautuma. Mkondo ukaupeleka kama kawaida yake, kuanzia juu kwenda chini, na ulipofika katikati ukachoka. Wajenzi wa Hima wakapata barabara nzuri, na kingo nzuri, na chini yake hewa tupu.

Jibu lao lilikuwa limefika jioni hiyo, nalo lilikuwa la adabu. Walimsifu kwa ubunifu, wakasema ila daraja lake halina miguu, nao si watu wa kujenga juu ya mawingu. Mhandisi mwenzake wa Hima ameleta mchoro uliokamilika. Kesho alasiri watapiga kura.

Tamimu akasema basi na autume tena. Kidawa alisubiri neno limfikie, kisha akasema ameutuma tena, na tena, na safari hii Mkondo haukufika hata kwenye kingo. Kuzunguka korongo kwa miguu kungechukua mwezi mzima. Na halikuwa jambo la kushinda tu. Kwa mujibu wa jibu hilo, yule mwenzake alikuwa ameweka nguzo ya mwisho upande wa Subirani, penye udongo mwekundu karibu na mikwaju. Alikuwa ameutazama kwa mbali, kutoka ng'ambo, na kwa mbali ulionekana imara. Kidawa aliwahi kusimama juu ya udongo huo masika, ukamteleza chini ya miguu kama uji.

"Watalijenga," akasema, "na watu watapita, na mvua itakuja."

Bi Somoe akasema waende Barazani asubuhi. Tamimu, ambaye alikuwa mgeni wala hakuulizwa, akasema kwamba naye atakwenda. Damu ilikuwa imeanza kumchemka, na kwa kweli alikuwa na hamu ya kuwaona hao wenye Mkondo ana kwa ana, maana wa kwao hakuwahi kuwaona; aliwajua kwa muziki wa kungojea kwenye simu tu.

Baraza la Mkondo lilikuwa na wajumbe wengi na viti laini. Mwenyekiti wake, Msimamizi Mkuu, aliitwa Mheshimiwa Makadirio, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kumlaza mtoto. Alimsikiliza Kidawa kwa utulivu mkubwa. Alipomaliza, alimwomba atoke nje, akae kidogo, kisha aingie tena.

Kidawa akatoka, akaingia. Mheshimiwa akauliza kama bado kuna tatizo. Kidawa akasema lipo.

Hapo mjadala ukafunguliwa, nao Tamimu aliufuata kwa makini kwa kuwa ulimkumbusha mengi. Mjumbe mmoja alisema Mkondo hauna kasoro, kasoro ni watumiaji, ambao wana tabia ya kuutumia wote wakati mmoja, yaani wakati wanapouhitaji. Mwingine akalaumu kuta nene. Mwingine akasema ni mbuzi, hutafuna kitu fulani mahali fulani. Mjumbe kijana akapendekeza kwamba Kidawa auziwe Mkondo wa daraja la juu, ambao ni ule ule lakini kisanduku chake kina taa mbili. Pendekezo hilo lilipigiwa makofi. Mzee mmoja, aliyekuwa amesinzia, akaamka na kuuliza kama huyu binti hawezi kujenga daraja lisilohitaji miguu, kwa kuwa nusu ya juu imeshafika salama.

Kidawa akasimama. Alisema kwamba mawimbi ya Hima yanafika mpaka ukingoni mwa korongo, hasa kwenye lile jabali linaloitwa Ulimi. Anaomba ruhusa ayatumie alasiri hiyo tu, atume mchoro wake, basi.

Ukimya ulioingia haukuwa ule wa desturi. Mheshimiwa Makadirio alifungua kitabu cha sheria na kusoma taratibu, kama mtu anayemwonea huruma anayemsomea, kwamba mkazi yeyote atakayepokea mtandao kutoka chanzo kingine chochote, angani, ardhini au ng'ambo, adhabu yake ni kukatiwa Mkondo maisha.

Watu waliokuwa wamejaa nyuma wakaguna. Kidawa akakaa. Hata Tamimu, aliyeuona Mkondo ulivyo, tishio lile lilimwingia kwa mara ya kwanza bila kulipima.

Bi Somoe ndiye aliyelipima. Alisimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akasubiri kama inavyopasa, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mheshimiwa, mnatutisha kutuvua nguo ambayo hatujavaa."

Hakuna aliyecheka mara moja, kwa kuwa maneno yalipewa nafasi ya kufika. Yalipofika, kicheko kilianzia mlangoni kikaja mbele kama mvua inayotembea juu ya mabati. Mjumbe mmoja alijificha uso kwa karatasi. Bi Somoe alikuwa tayari amemshika binti yake mkono na kutoka naye nje, na safari hii hawakurudi ndani.

Walifika Ulimi jua likiwa limeanza kulala upande. Jabali lile lilijitokeza juu ya korongo, pana la kutosha watu ishirini, na upepo wake ulikuwa wa kumpokonya mtu kofia. Kidawa aliinua kishikwambi. Alama ya mawimbi ya Hima ikaonekana, ikapotea, ikaonekana tena, nyembamba kama unywele. Akaanza kutuma. Barabara ikapita. Kingo zikaanza kupita. Halafu mchoro ukakwama, na ng'ambo, wadogo kama mchwa, waliwaona watu wa Hima wakikusanyika chini ya turubai lao kwa ajili ya kura.

Ndipo Tamimu akakumbuka kifuniko cha pilau. Aliona haya kulisema, mbele ya mhandisi, lakini wakati wa haya ulikuwa umepita. Akaeleza upesi kwamba kwao alikuwa akiweka kitu cha bati nyuma ya kisanduku, kitu kilichobonyea kidogo, na mawimbi yalionekana kuongezeka. Hajui kama ni kweli au ni matamanio yake tu. Kidawa alimtazama. Kisha, kabla hata ya kimya cha desturi kwisha, akageuka na kumwambia mama yake walete masinia.

"Mangapi?"

"Yote."

Bi Somoe alirudi na mtaa. Waliokuwa wamecheka Barazani walikuwa wamemfuata kwa mbali ili waone mwisho wake, naye akawageuza majumbani kwa ukali wa mama mwenye harusi. Wakaja na masinia ya karamu, ungo wa bati wa kuanikia nafaka, beseni za kuogeshea watoto, mlango wa banda la kuku. Kidawa aliwapanga juu ya jabali kwa nusu duara, mmoja mmoja, akiwainamisha mabega, akizungusha kila sinia kidogo huku, kidogo kule, mpaka jua lililogonga masinia yote likakutana mahali pamoja, pale kishikwambi kilipokuwa, akasema hapo hapo, mtu asitikisike. Sasa alikuwa kazini. Sauti yake ilikuwa imebadilika, nao wakamtii kama askari. Tamimu alishika sinia kubwa kuliko yote, upepo ukilisukuma kama tanga, akaona kwamba anacheka peke yake kwa furaha bila kujua ameanza lini.

Alama ya mawimbi ikanenepa. Kingo zikapita zote. Nguzo ya kwanza ikaanza kushuka.

Watu wa Subirani hawakuwa wamewahi kuona kitu kikitumwa mpaka mwisho. Mzee mmoja aliyeshika beseni alionya kwamba wasijipe moyo, itafika karibu na mwisho na kurudi, ndivyo ilivyo siku zote. Ilipopita nusu, akanyamaza. Ilipopita robo tatu, akaanza kuomba dua kwa sauti. Wakati huo huo walinzi wa Baraza walikuwa wanapanda, na mbele yao Mheshimiwa Makadirio, akihema, kitabu cha sheria kwapani.

Alifika juu ya jabali na kufungua kinywa asome. Mke wa mwuza maziwa, aliyekuwa mwisho wa mstari, alikuwa amechoka mikono. Sinia lake likaanza kuinama, na mng'ao ukayumba juu ya kishikwambi. Kidawa akapiga ukelele, bila kuangalia ni nani, kwamba aliye karibu na sinia hilo alishike. Aliyekuwa karibu ni Mheshimiwa. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mtu wa kufikiri haraka. Mikono yake ikaenda yenyewe. Kitabu kikaanguka miguuni pake, naye akabaki ameshika ukingo wa sinia la harusi, akitokwa na jasho, macho yameganda kwenye kile kistari kilichokuwa kinatembea.

Kistari kikafika mwisho. Kikazima. Pakaandikwa neno moja: IMEFIKA.

Hakuna aliyeshangilia. Hawakujua kwamba hapo ndipo pa kushangilia. Kisha kishikwambi kikalia, na uso wa mtu ukatokea, mwanamume mwenye mvi na kofia ya mjenzi, ambaye alijitambulisha kuwa ni Bwana Rithi, mkuu wa ujenzi wa Hima. Nyuma yake turubai lilikuwa linapigwa na upepo, na kila mtu jabalini alilisikia likipiga.

"Sasa naiona miguu," akasema. "Daraja zuri, dada. Basi tulichukue hili, ila nguzo ya mwisho tuihamishie penye mikwaju, tuokoe mawe, kwa sababu pale udongo..."

"Hapana."

Neno lilimtoka Kidawa likiwa moto. Bwana Rithi akasimama katikati ya sentensi yake. Jabalini watu walikodoa macho. Mzee wa beseni alidhani kwamba mawimbi yamekatika. Hawajawahi kumwona mtu akizuiwa na neno la mwenzake.

Kidawa mwenyewe alitishika. Alitazama mkono wake kama kwamba ndio uliosema. Kisha akaona kwamba yule mtu wa ng'ambo anamsubiri, kwa shauku, amesogeza sikio karibu, na hapo maneno yakafunguka. Akamweleza habari za udongo mwekundu, jinsi unavyoonekana kiangazi na jinsi unavyokuwa masika, na mahali alipoteleza. Bwana Rithi akabisha. Kidawa akamrudia kabla hajamaliza. Mjenzi akauliza mwamba uko kina gani. Kidawa akamjibu yeye akiwa bado anauliza. Wakapandishiana sauti. Wakaelekezana kwa vidole juu ya mchoro, mmoja ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile, na Bi Somoe, aliyekuwa amebeba ungo kichwani, akamwambia Tamimu kwa sauti ya chini kwamba hakujua kuwa mwanawe ni mgomvi namna hii, na machozi yalikuwa yanamtiririka kwa kuona fahari.

Mwishowe Bwana Rithi alivua kofia akakuna kichwa. Alisema hajawahi kupingwa hivyo na mtu aliyekuwa na haki. Kura ikapigwa mbele ya macho yao, mikono ikainuka chini ya turubai. Mchoro wa Kidawa ulikuwa umeshinda, na nguzo itabaki pale alipoiweka mwenyewe.

Safari hii walishangilia. Masinia yaliachiwa, yakagongana, mawili yakaanguka korongoni na yakasikika yakilia muda mrefu. Mheshimiwa Makadirio aliokota kitabu chake, akakipangusa vumbi. Watu wakatulia kidogo wamwone. Alikohoa, akatangaza kwamba Baraza lina furaha kuwafahamisha wananchi kuhusu huduma yake mpya ya masinia, ambayo imekuwa ikiandaliwa kwa muda mrefu. Alipoona kwamba hakuna anayemsikiliza, aliuliza, kwa sauti ndogo, kama Ulimi patakuwa wazi kesho, maana ana dada yake Hima. Bi Somoe akamwambia aje na sinia lake.

Tamimu alikusudia kuondoka siku iliyofuata, akakaa. Alikaa kwa sababu wajenzi wa Hima walisema watarusha kamba ya kwanza, ile ya kupimia, nao walikuwa watu wasioahirisha. Mji wote ulitoka. Watu wakapanga mstari ukingoni, wengi wameshika tena vyombo vyao bila sababu.

Ng'ambo mtu alivuta upinde mkubwa. Mshale ukapaa, mkia wake wa uzi ukimetameta, ukawa mdogo, ukawa mkubwa, ukajichoma kwenye majani hatua chache kutoka alipokuwa Kidawa. Alikimbia akaukanyaga uzi usirudi. Akauvuta, na nyuma ya uzi ikaja kamba nyembamba, na nyuma ya kamba nyembamba ikaja nene, nzito, yenye harufu ya katani mbichi. Tamimu akasaidia kuivuta, na Bi Somoe, na watu wengine, mpaka ikanyooka juu ya korongo lote, kutoka nchi hadi nchi.

Kidawa akaishika kwa mikono miwili. Akaitikisa mara moja, kujaribu tu.

Papo hapo, mtu wa upande wa pili akaitikisa.